Ofisi ya mkoloni iliyogeuka hifadhi ya Wameru

KATIKATI ya mji wa Meru lipo jengo kongwe ambalo wengi hulipita bila kuligeuzia jicho. Leo ni makavazi. Zamani lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na si wengi waliolikaribia kwa hiari.

Waingereza waliwashinda Waembu kwa bunduki mwaka 1906. Mwaka 1908 afisa wao, E.B. Horne, akaanzisha kituo cha serikali Meru. Wenyeji walimwita Kangangi kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Ofisi za wakuu waliomfuata ndizo zilizosimamia kodi, kipande na kazi za lazima. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika kapu moja: wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na kusafiri kukahitaji kibali.

Basi mbona jengo hili halikubomolewa uhuru ulipopatikana? Kwingineko hasira kama hiyo ilimalizwa kwa moto. Nchini Ireland, kati ya mwaka 1920 na 1923, majumba mengi ya mabwanyenye yaliteketezwa. Jumba la Strokestown lilisalimika. Mmiliki wake, Denis Mahon, aliuawa mwaka 1847 baada ya kuwafukuza wapangaji waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1994 makavazi ya njaa hiyo yakafunguliwa papo hapo.

Meru ilikuwa imetangulia kwa miaka 20. Mwaka 1974 ofisi ya mkoloni ilifunguliwa kuwa makavazi, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Vyombo na silaha za Wameru, watu waliokuwa wakiitwa humo kujieleza, vikawekwa ndani ya kuta zile zile, na nje likajengwa boma la jadi.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 humruhusu waziri kutangaza jengo la kihistoria kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali, na baada ya hapo si halali kulibadilisha ovyo. Hata hivyo, sheria haiezeki paa linalovuja. Ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na jengo la zamani lisilo na kazi humezewa mate upesi. Kinachoilinda ofisi hii kila siku ni wanafunzi wanaoingia kwa foleni na mlango unaofunguliwa asubuhi.

Mgeni na aanzie kwenye boma lililo nje, ndipo aingie ndani.