Lugha ya Arifa za Masasisho katika Programu za Wavuti: Mazingatio kwa Watumiaji wa Kiswahili Jijini Bujumbura

1. Utangulizi

Makala hii inafafanua namna arifa ya sasisho inavyoongezwa katika programu ya wavuti, na inajenga hoja kwamba maneno ya arifa hiyo ni sehemu ya usanifu wa programu, si pambo la kutafsiriwa mwishoni. Programu inayozungumziwa ni ile ambayo mtumiaji huifungua kwa kivinjari, akaiweka kwenye skrini ya simu, kisha akaitumia hata pasipo intaneti. Aina hii ya programu ilipewa jina mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell. Kwa mkazi wa Bujumbura anayenunua intaneti kwa vifurushi, faida yake ni dhahiri: kamusi, fomu au mwongozo wa afya huhifadhiwa simuni na kusomwa tena bila gharama. Faida hiyohiyo ndiyo inayozaa tatizo, kwani kilichohifadhiwa huweza kupitwa na wakati bila msomaji kujua.

2. Jinsi toleo jipya linavyofika

Mhimili wa programu ya namna hii ni hati ya JavaScript inayofanya kazi kando ya ukurasa, ambayo hapa itaitwa hati ya usuli. Hati hiyo hupokea maombi ya ukurasa na kuamua yajibiwe kutoka akiba ya simu au kutoka seva. Mtumiaji anapofungua programu akiwa na intaneti, kivinjari huiomba seva hati hiyo na kuilinganisha baiti kwa baiti na ile iliyomo simuni. Tofauti ya baiti 1 yatosha kuhesabiwa kuwa toleo jipya. Toleo hilo husakinishwa na mafaili yake huingizwa katika akiba, lakini halishiki usukani papo hapo. Husubiri hadi kurasa zote zinazoongozwa na toleo la zamani zifungwe. Kuufungua upya ukurasa uleule hakutoshi.

Kusubiri huko ni kinga, ili ukurasa wa toleo moja usihudumiwe na hati ya toleo jingine. Hata hivyo, mtumiaji wa simu huweza kuiacha programu wazi kwa siku kadhaa na kuirudia apendapo. Toleo jipya hubaki limefika lakini halitumiki.

Hapo ndipo arifa inapohitajika. Mtayarishaji huuelekeza ukurasa usikilize tukio la updatefound. Hati mpya ikifikia hali ya kusubiri huku ya zamani ikiwa bado inaongoza, ukurasa huonyesha ukanda mdogo wenye kitufe. Ukaguzi huohuo hufanywa pia programu inapofunguliwa, kwa kuwa huenda toleo lilikuwa likisubiri tangu awali. Kitufe kikibonyezwa, ukurasa hutuma ujumbe kwa hati inayosubiri, nayo huita skipWaiting. Ikishashika usukani, hutokea tukio la controllerchange, na ukurasa hujifungua upya mara moja tu.

Arifa hii isichanganywe na zile zinazotumwa na seva hata programu ikiwa imefungwa. Hizo huhitaji ruhusa ya mtumiaji. Arifa ya sasisho haihitaji, kwa maana ni sehemu ya ukurasa wenyewe.

3. Maneno ya arifa

Utaratibu huo una athari tatu kwa lugha. Kwanza, arifa husema mara nyingi kwamba "toleo jipya linapatikana". Kauli hiyo hudokeza kuwa toleo liko mahali pengine na litagharimu kifurushi kulileta. Mwenye megabaiti chache atabonyeza "Baadaye", ilhali mafaili yamekwisha kuingia simuni. Iwapo mafaili yote huhifadhiwa wakati wa usakinishaji, kauli ya kweli ni "toleo jipya limeshafika kwenye simu yako".

Pili, "pakia upya" ni istilahi iliyozoeleka kwa wataalamu, lakini katika mji wenye bandari ya Ziwa Tanganyika, kupakia ni kuweka shehena katika meli au lori. Kitufe chenye maneno "Tumia sasa" hueleza tendo bila kumtaka msomaji ajifunze istilahi kwanza. Aidha, kwa kuwa ukurasa utafunguka upya na fomu iliyojazwa nusu huweza kufutika, arifa itangulize onyo: "Hifadhi kazi yako kwanza."

Tatu, na hili husahaulika, anayesema ni toleo la zamani. Ukanda wa arifa umo katika ukurasa uliokwisha kuhifadhiwa. Kosa la lugha lililomo haliwezi kusahihishwa mpaka mtumiaji akubali lile toleo ambalo arifa imeshindwa kumweleza. Kwa hiyo maneno hayo yahaririwe kabla ya toleo la kwanza kutolewa.

4. Lugha ipi?

Nchini Burundi, Kirundi ni lugha ya taifa, Kifaransa na Kiingereza zina hadhi rasmi, na Kiswahili kina mizizi katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi, na pia sokoni na bandarini. Programu nyingi huchagua lugha ya ujumbe kwa kufuata mpangilio wa simu. Simu iliyowekwa katika Kifaransa, hata hivyo, haithibitishi kwamba mwenye nayo anasoma Kifaransa kwa wepesi. Arifa ifuate lugha ya maudhui ambayo mtumiaji mwenyewe ameichagua ndani ya programu.

5. Hitimisho

Mwongozo wa dawa uliorekebishwa haumsaidii mgonjwa ambaye simu yake ingali inaonyesha kipimo cha zamani. Taasisi zinazoagiza programu za umma ziweke katika mikataba yao masharti matatu: arifa ya sasisho iwepo, iseme kweli kuhusu gharama, na ipimwe kwa wasomaji wa kawaida kabla ya kutolewa. Masahihisho yanayogusa usalama yatofautishwe na mengine, ili "Baadaye" isigeuke kuwa "kamwe". Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kuratibu seti fupi ya kauli sanifu za arifa, zikipimwa Bujumbura sawasawa na Dar es Salaam au Mombasa. Kauli hizo hazitazidi ukurasa mmoja, lakini zitasomwa na watu wengi kuliko orodha ndefu za istilahi.