Migreni jeshini: faili yako inasema nini?

Wandugu wa Lubutu, kuna vijana wetu waliofika Marekani wakaingia jeshi. Si lazima uwe raia kwanza, kadi ya kijani inatosha. Sasa mmoja akishikwa na migreni ya kila mara, ile inapiga upande mmoja wa kichwa mpaka mwangaza na makelele havivumiliki, inakuwa namna gani?

Kamati ya madaktari inaangalia kama ugonjwa unazuia kazi. Halafu kamati ya pili inaamua: abaki ama atoke. Asilimia ya ulemavu inapimwa na wizara ya maveterani, na hapo ndipo wengi wanakwama. Hawapimi ukali wa maumivu peke yake. Wanahesabu ni mara ngapi shambulio limekulaza kabisa. Kwa wastani mara moja kila miezi 2, ni 10%. Mara moja kwa mwezi, 30%. Yakija mara nyingi sana, ya muda mrefu, mpaka kujitafutia inakuwa shida, 50%, na migreni haipiti hapo.

Hiyo 30% si mchezo. Kama hujafikisha miaka 20 ya utumishi, chini yake unapewa pesa mara moja, basi. Ukiifikia, unapata pensheni.

Tena migreni kwa kawaida haionekani kwenye skana. Askari anayemeza dawa kimya ili asiitwe mvivu, faili yake iko tupu. Kama uko na yaya ama mdogo wako kule, mwambie leo: kila shambulio aandike tarehe, saa lilipoanza na lilipoisha, kazi gani alishindwa, na amwone daktari. Barua ya mwenzake wa chumba nayo inapokelewa.