Morogoro: Mji wa reli unaotegemea maji ya Uluguru

MFANYABIASHARA anayepakua kabichi za Mgeta alfajiri katika soko kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro amesimama chini ya mlima unaomlisha na kumnywesha. Mji uko karibu meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, lakini nyuma yake Uluguru inapanda hadi zaidi ya meta 2,600.

Maji ndiyo yaliyouleta mji hapa. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga ngome karibu na mto Ngerengere, ikaitwa Simbamwene, jina la binti yake aliyemrithi. Misafara ya kutoka pwani ililipa hongo kupita. Stanley alipofika mwaka 1871 aliukuta ukuta wa mawe. Mwaka uliofuata mafuriko yakasomba sehemu yake.

Wajerumani walijenga boma, na mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika. Mashamba ya mkonge yakaenea kando ya reli, na Morogoro ikawa soko. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji, lakini biashara iliendelea kufuata reli ile ile. Kwa mkulima wa mlimani hilo halikutosha. Ndizi na viungo vya Kinole, upande wa mashariki wenye mvua nyingi, bado vilishuka kwa miguu, na anayebeba kichwani huuza kwa bei ya anayemsubiri bondeni.

Udongo nao hushuka, tena bila kulipwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa juu, hivyo mavuno hayakuonekana. Julai 1955 zikatokea ghasia, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Wataalamu wa wakati ule walisema mkulima ni mbishi. Ukweli ni kwamba alipiga hesabu: jasho lake, faida ya mwingine.

Hesabu hiyo ilirudi mezani mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalipoanzisha mradi huko Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya mto Ruvu unaoipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Safari hii wakulima waliochimba matuta na kupanda miti walilipwa, na miongoni mwa waliochangia fedha ni mamlaka ya maji ya jijini. Matuta yale yale yaliyokataliwa kwa nguvu yakachimbwa kwa hiari.

Mjini, bwawa la Mindu lililojengwa miaka ya 1980 kwenye Ngerengere linaendelea kupokea tope la mashamba ya juu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inaleta abiria kutoka Dar es Salaam, nao wanahitaji maji na mboga. Mkulima wa mteremkoni anayezuia tope hilo hana mstari wake katika ankara ya maji ya mjini.