Simu ni yako, ufunguo ni wa nani?

Bonasi ya majani chai ikishaingia, aghalabu mwezi wa Oktoba, maduka ya simu pale Litein, Bomet na Kericho mjini hujaa watu. Huyu anamnunulia binti aliyemaliza Kidato cha Nne, yule anajinunulia mwenyewe ili naye atumiwe picha za wajukuu. Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinachoiendesha simu hiyo?

Kwa simu nyingi za kugusa zinazouzwa nchini, jibu ni Android. Na kiini cha Android ni Linux, programu iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Linux ni programu huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake, mithili ya mkulima anayemgawia jirani vipandikizi vya mchai bila kumdai hata senti.

Kwa miaka mingi wapenzi wa programu hizi walilia kwamba watu hawazijui. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila malipo. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, akaanzisha Ubuntu, na diski zake zikawa zinatumwa bure kwa posta. Licha ya hayo yote, kijana akienda kusomea "pakeji" mjini, aghalabu atakachofunzwa ni Word na Excel za Microsoft. Simlaumu mwalimu. Matangazo ya kazi yanataja Excel, na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo hataki kusikia jina jingine. (Kama nakala iliyomo kwenye kompyuta ya chuo ilinunuliwa au la, hilo tuliache.)

Umaarufu ulikuja kwa mlango mwingine. Mnamo 2011 Safaricom ilikuwa ikiuza simu ya Huawei IDEOS, yenye Android, kwa chini ya shilingi 10,000. Linux ikaingia mifukoni mwa watu wasiowahi kuisikia. Lakini haikuingia peke yake. Duka la Play na ramani zilizomo ni mali ya Google, na maandishi yake yamefungwa. Hapo ndipo waundaji programu walipogawanyika. Wengine husema bila vitu hivyo nani angeinunua simu? Wengine, wakifuata mafundisho ya Mmarekani Richard Stallman aliyeanza kampeni yake mwaka wa 1983, husema umaarufu wa namna hiyo si uhuru.

"Hayo ni mabishano ya wasomi," utasema. Subiri kidogo. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo. Wakati huo ulitanguliza shilingi 1,000, kisha ukalipa 20 kila siku. Usipolipa, simu hufungwa. Kufuli hilo halitoki kwenye Linux. Ni programu nyingine iliyowekwa juu yake, nawe huwezi kuiondoa. Sasa mfikirie mama mchuma majani anayelipwa kwa kilo, mwezi wa Januari, jua limekausha majani na karo inadaiwa. Hata malipo madogo ya kila siku yaweza kukosekana.

Naam, deni ni deni, na bila kufuli mwenye duka hangekukopesha. Linaloniudhi mimi ni mtu kutia sahihi bila kuelezwa. Uliza kabla ya kubeba simu: nikimaliza kulipa, programu hiyo inaondolewa kabisa, au inalala tu? Nani ataiondoa, na wapi?

Na kijana anayengoja kuanza pakeji, mwambie aitafute LibreOffice, mrithi wa OpenOffice. Hufungua faili za Word na Excel, nayo haidai senti. Kompyuta kuukuu ya shemeji inatosha kujaribia.