Fisi jike si huntha

Ujumbe kuhusu fisi hauishi kutufikia, hasa kutoka kwa wasomaji wa Karatu waliopata kushuka kreta ya Ngorongoro wakamwona jike akinyonyesha, naye ana kitu ambacho machoni pao ni uume. Maswali ni yaleyale. Ni huntha? Hubadili jinsia kila mwaka? Kweli wachawi humpanda?

Hapana, hapana, na hapana. Uvumi wa jinsia mbili Aristotle aliukanusha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na bado kuna watu wanaoushikilia.

Mlichokiona ni kinembe. Kwa jike wa fisi madoa kimerefuka, husimama kama cha dume, na mashavu ya uke yameungana yakafanya mfano wa korodani. Tundu la uke kwa nje hakuna. Jike hukojoa, hupandwa na huzaa kupitia kiungo hichohicho. Hapo kwenye kuzaa ndipo mimi hushika kichwa: njia ni ndefu, ina kona, na uzi wa kitovu ni mfupi kuliko njia yenyewe. Kondo la nyuma huweza kubanduka mtoto akiwa bado njiani, hewa ikakatika. Kwa uzazi wa kwanza ncha ya kiungo huchanika, na watoto wengi hawafiki nje wakiwa hai.

Kwa miaka mingi lawama zilikuwa kwa homoni za kiume. Ovari za mama hutoa androstenedioni, kondo huigeuza kuwa testosteroni, nayo humfikia mtoto tumboni. Maelezo matamu. Ila Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipowapa fisi wajawazito dawa za kuzuia homoni hizo, majike walizaliwa na kiungo kilekile! Kilichobadilika ni umbo tu, na madume wa uzazi huo wakatoka na uume unaofanana na wa majike. Kwa hiyo homoni huchonga, lakini peke yake haitoshi kueleza kiungo kizima.

Nao ubabe wa jike juu ya dume hautoki kwenye homoni hizo. Watafiti wa taasisi ya Leibniz ya Berlin wamezifuatilia koo nane za fisi wa kreta tangu 1996, na uchambuzi wao wa 2018 ulionyesha kwamba wawili wakigombana hushinda mwenye ndugu wengi wa kumsimamia. Majike hubaki kwao. Madume wengi huhamia ugenini, wasiko na mtu.

Na huyo mnayemwita mla mizoga? Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia usiku miaka ya 1960, alikuta humo kretani fisi ndio wanaoua, simba wakija kupora.

Sasa waganga wanaouza sehemu za siri za fisi kama dawa ya mvuto. Kiungo kikishakaushwa, muuzaji mwenyewe hajui ni cha jike au cha dume! Hakitakuletea mteja wala mchumba. Kitakuletea polisi, maana kumiliki nyara za Serikali bila kibali ni jinai.

Ukiwa kretani, usishuke garini ovyo. Ukiumwa na fisi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usipitie kwa mganga: dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna tiba.