Nyuzi za Kaboni kwenye Zege Lililochoka

Mulot iko mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, pale barabara ya Narok kwenda Bomet inapovuka mto Amala, unaoshuka kutoka msitu wa Mau na kuungana na Nyangores kuwa Mara. Katika eneo hili, daraja la zege hupambana na mvua na jua vinavyopokezana, pamoja na malori mazito.

Zege jipya lina alkali kali, pH karibu 13, inayokinga nondo. Miaka ikipita, kaboni dioksaidi hupenya taratibu. pH ikishuka chini ya 9, kinga imekwisha. Nondo hushika kutu, hufura na kulipasua zege kutoka ndani.

Kwa hiyo kupima hutangulia. Mhandisi hugonga kwa nyundo na kusikiliza: mlio mtupu unaonyesha zege limeachana. Kisha hubanja kipande na kunyunyiza kemikali ya fenolfithalini papo hapo. Zege lenye afya hugeuka waridi; lililopoteza alkali halibadiliki. Waridi ikianza nyuma ya nondo, nondo hizo hazina ulinzi tena. Misingi nayo hukaguliwa, kwani mto ukichimba chini ya nguzo, hakuna gundi itakayosaidia.

Kuimarisha kwa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi kulijulikana sana mwaka 1991, daraja la Ibach karibu na Lucerne, Uswisi, liliporekebishwa. Vibamba vya kilo 6.2 vilifanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma. Uhodari wenyewe, hata hivyo, uko kwenye maandalizi: kuondoa zege bovu, kusafisha kutu, kusugua uso mpaka kokoto zionekane, kisha kukausha. Kubandika juu ya nondo zinazooza ni kuficha ugonjwa. Moto pia ni adui. Epoksi nyingi za kazi hii huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80.

Kwa daraja jipya, nondo za nyuzi za kioo hazishiki kutu kabisa. Lakini ukakamavu wake ni takriban robo ya ule wa chuma, hivyo mara nyingi mbunifu huongeza idadi yake ili kuzuia boriti kupinda na kupasuka mno. Tena hukatika ghafla, bila kulegea na kuvutika kwanza kama chuma, na fundi hawezi kuzikunja kazini: kona zote huagizwa kiwandani zikiwa tayari.