Je, Wajua? "His" Haikuwa ya Mwanamume Peke Yake
Katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611, chumvi iliyopoteza ladha inatajwa kwa "his", neno ambalo leo humhusu mwanamume. Hakuna mtu aliyefichwa hapo. Tangu Kiingereza cha kale, "his" ilimilikisha vitu pia. "Its" ilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na toleo lile la 1611 halina hata moja. Sisi wa Kiswahili tuna nafuu, kwani "yake" haibagui mtu na kitu. Basi ukikutana na "his" katika nathari ya zama hizo, usikimbilie kumtafuta bwana fulani: rudi nyuma, pima kila nomino iliyotangulia, uone ipi inakubaliana na maana ya sentensi.

Mtego mbaya zaidi ni maneno ambayo sura zao hazikubadilika. "Prevent" iliweza kumaanisha kutangulia, na "let" kuzuia, kinyume kabisa cha kuruhusu! Hapo kamusi ya mfukoni haitoshi. Fungua Oxford English Dictionary, inayoonyesha kila maana ilitumika tangu lini.